Kompyuta Haili Kiapo

Shahidi anayeingia katika kizimba cha mahakama hula kiapo, hueleza aliyoyaona, kisha husimama kudodoswa na wakili wa upande wa pili mpaka kumbukumbu yake, macho yake na nia yake vipimwe mbele ya hakimu. Rekodi ya kompyuta haipiti njia hiyo. Huletwa ikiwa imechapwa kwenye karatasi safi, ina tarehe, saa na tarakimu zilizopangwa vizuri, na kwa kuwa haisiti wala haitetemeki sauti, wengi wetu katika taaluma ya sheria huipa imani ambayo tusingempa shahidi wa kawaida. Naandika haya kwa sababu naona imani hiyo ya bure ndiyo hatari kubwa kuliko zote ambazo teknolojia ya kidijiti imeleta mahakamani, kubwa kuliko hata zile picha na sauti za kughushi zinazozungumzwa sana siku hizi.

Kwa muda mrefu mjadala ulikuwa juu ya kupokelewa: je, maandishi ya kielektroniki yakubaliwe kuwa kielelezo, au yakataliwe kwa kuwa hayana nakala halisi ya karatasi? Mwaka 1996 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, inayojulikana kwa kifupi kama UNCITRAL, ilitoa Sheria ya Mfano ya Biashara ya Kielektroniki, na kifungu chake cha 9 kikaeleza kwamba ujumbe wa data usikataliwe kuwa ushahidi kwa sababu tu ni ujumbe wa data. Nchi nyingi ziliuingiza msimamo huo katika sheria zao. Lakini kifungu hicho hicho kina sehemu ya pili, ambayo nadhani imesomwa kwa haraka mno: mahakama inapopima uzito wa ujumbe huo, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa au ulivyopelekwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeutoa alivyotambuliwa. Kupokea kielelezo ni jambo moja na kukiamini ni jambo jingine, na katika mashauri mengi ubishi huishia kwenye lile la kwanza.

Mfano mzito kuliko yote ninayoijua ni wa Shirika la Posta la Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika hilo lilisambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliokuwa chini ya kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa matawi hawakuweza kuueleza. Walitakiwa kuulipa kutoka mifukoni mwao, na wengi walishtakiwa kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa kutegemea data za mfumo huo, wengi wao katika mashtaka yaliyofunguliwa na shirika lenyewe. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na wapo waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa.

Ni rahisi kusema kwamba kosa lilikuwa la programu mbovu, na hapo tukafunga mjadala. Programu zote zina hitilafu, na hilo halikuwa siri kwa waandishi wa programu hata wakati huo. Kilichozigeuza hitilafu hizo kuwa vifungo vya jela kilikuwa kanuni ya ushahidi. Sheria ya Uingereza ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 69, ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta kuthibitisha kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilionekana kuwa mzigo usio na faida, kikafutwa, na kuanzia mwaka 2000 ikabaki dhana ya jumla kwamba mashine ilikuwa nzima mpaka mtu alete sababu ya kutia shaka. Mantiki ya dhana hiyo si mbaya kwa mambo madogo, maana hakuna anayetaka kuita mhandisi kila mara saa ya ukutani inapotajwa katika ushahidi. Lakini fikiria msimamizi wa tawi dogo aliyeshtakiwa: ili atie shaka, anahitaji kumbukumbu za ndani za mfumo, orodha ya hitilafu zilizokwisha kujulikana, na majina ya walioweza kuingia kwenye mfumo kutoka mbali. Vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa wale wale waliomshtaki na wakandarasi wao. Aliambiwa aoneshe ubovu wa kitu ambacho hakuruhusiwa kukifungua.

Orodha ya hitilafu zinazojulikana ilikuwapo muda wote. Uwezo wa wafanyakazi wa kampuni kubadilisha data za tawi kutoka mbali, ambao ulikanushwa kwa miaka mingi, nao ulikuwapo. Mambo hayo yalithibitishwa rasmi Desemba 2019, pale Jaji Fraser wa Mahakama Kuu alipotoa hukumu katika shauri la madai lililofunguliwa na wasimamizi zaidi ya 500 wakiongozwa na Alan Bates. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa mara moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria maalumu ya kufuta hatia za wengine kwa jumla, hatua ambayo ni nadra sana katika nchi inayolinda kwa wivu mipaka kati ya Bunge na mahakama. Nikisoma historia hiyo huwa najiuliza ni mawakili wangapi walitazama zile taarifa zilizochapwa na Horizon na kumshauri mteja wao akiri kosa, kwa kuwa tu tarakimu zilikuwa mbele yao na hakukuwa na njia ya kuzihoji.

Tatizo haliishii kwenye mifumo ya hesabu. Mwaka 2019 Denmark iligundua kwamba programu iliyotumiwa na polisi kugeuza data ghafi za kampuni za simu kuwa jedwali linalosomeka ilikuwa ikidondosha baadhi ya taarifa njiani, na pia kulikuwa na makosa mengine yaliyoweza kuihusisha simu na mnara usio wake. Data ghafi zilikuwa na taarifa kamili, lakini kilichofika mahakamani kilikuwa kimepungua. Mwendesha mashtaka mkuu alisimamisha kwa miezi miwili matumizi ya data za mahali simu ilipo, zaidi ya mashauri 10,000 yakaamriwa kupitiwa upya, na watu zaidi ya 30 wakaachiliwa kutoka mahabusu. Naupenda mfano huu kwa sababu hauna mtu mwovu. Hakuna aliyeghushi wala kuficha. Kuna hatua moja ya kati, ya kugeuza faili kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, ambayo hakuna aliyefikiria kuikagua. Kila wakili anayepokea jedwali la mawasiliano ya simu anapaswa kujua kwamba anachokishika ni tafsiri ya data, na kwamba ana haki ya kuomba data yenyewe.

Hapo ndipo utunzaji wa vielelezo unapobadilika tabia. Kisu kilichokutwa eneo la tukio hufungwa, huwekewa lebo, husainiwa kila kinapobadilisha mikono, na mtu akikigusa bila ruhusa angalau kinabaki kuwa kisu. Simu janja haikai kimya namna hiyo. Ikiwa imewashwa na ina mtandao, inaendelea kupokea ujumbe, inafuta vya zamani, na inaweza kufutwa yote kwa amri inayotumwa na mtu aliye mbali. Ndiyo maana wapelelezi waliofundishwa vizuri huitenga na mawimbi mara moja, ama kwa kuzima mawasiliano yake ama kwa kuiweka ndani ya mfuko unaozuia mawimbi. Kuizima kabisa nako kuna gharama, kwa sababu simu iliyozimwa inaweza kudai nywila ambayo hakuna mwenye kuitoa, na kompyuta iliyozimwa hupoteza yote yaliyokuwa katika kumbukumbu yake ya muda, ambako wakati mwingine ndiko zilikokuwa funguo za usimbaji, yaani zile zinazofungua data zilizofichwa kwa msimbo. Diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka huweza kusafisha zenyewe nafasi za faili zilizofutwa, hata zikiwa mezani kwa mpelelezi, mradi zina umeme. Kila uamuzi wa dakika zile za kwanza unaacha alama katika ushahidi, na kila uamuzi unapaswa kuandikwa: nani alifanya nini, saa ngapi, kwa kifaa gani, na kwa sababu gani.

Baada ya hapo hunakiliwa nakala kamili ya diski nzima, sehemu kwa sehemu, kupitia kifaa kinachozuia kitu chochote kuandikwa kwenye diski ya asili, na nakala hiyo hupewa thamani ya heshi. Heshi ni hesabu inayoyapitia maudhui yote ya faili na kutoa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Kwa utaratibu wa SHA-256 mfuatano huo una alama 64, na ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili ya kurasa elfu, mfuatano wote hubadilika. Wachunguzi wa pande zote mbili wanaweza kuikokotoa upya miaka kadhaa baadaye na kuhakikisha kwamba wanatazama kitu kile kile. Ni chombo kizuri sana. Hata hivyo mahakamani husikika kikielezwa kana kwamba kinathibitisha ukweli wa yaliyomo, jambo ambalo hakiwezi kulifanya. Heshi inasema faili haijabadilika tangu heshi ilipokokotolewa. Haisemi lolote kuhusu kilichotokea siku tatu kabla, wakati simu ilikuwa kwenye droo ya mtu asiyejulikana. Na taratibu zenyewe huzeeka: mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walionyesha hati mbili tofauti zenye heshi moja ya SHA-1, utaratibu uliokuwa umetumika kwa zaidi ya miaka 20.

Ukilinganisha uangalifu huo na picha ya skrini, utaona umbali uliopo. Picha ya skrini ya mazungumzo ndiyo kielelezo cha kidijiti ambacho mtu wa kawaida hukileta kwa wakili wake, na ndicho dhaifu kuliko vyote. Jina linaloonekana juu ya mazungumzo ni lile aliloliandika mwenye simu katika orodha yake, hivyo namba yoyote inaweza kuitwa jina lolote. Ujumbe wa kabla na wa baada umekatwa. Saa ni ile ya kifaa, ambayo inaweza kuwa imewekwa vibaya au iko katika majira ya eneo jingine, na nimeona mabishano marefu juu ya nani alitangulia kumwandikia mwenzake ambayo chanzo chake kilikuwa tofauti ya majira kati ya seva na simu. Ushauri wangu kwa mteja ni ule ule daima: usifute chochote, usibadilishe simu, usihamishe mazungumzo kwa njia yako mwenyewe, ulete kifaa chenyewe. Picha ya skrini inafaa kumwonyesha wakili mahali pa kutafuta.

Katika mashauri ya madai mabadiliko makubwa zaidi ni ya wingi. Pale ambapo zamani pande mbili zilibadilishana mafaili machache ya barua, leo kampuni moja inaweza kuwa na mamilioni ya barua pepe, nakala za akiba, ujumbe wa vikundi na rekodi za mikutano. Mahakama za Marekani zililazimika kuutazama wajibu wa kuhifadhi mapema, na shauri la Zubulake dhidi ya benki ya UBS Warburg, lililosikilizwa na Jaji Shira Scheindlin, liliacha fundisho ambalo wanasheria wa kampuni hawalisahau. Barua pepe zilizohusika zilikuwa zimefutwa na wafanyakazi wa benki licha ya maelekezo ya kuzihifadhi, jaji akawaruhusu wazee wa baraza kuchukulia kwamba zilizopotea zingemuumiza aliyezipoteza, na mwaka 2005 mlalamikaji akapewa zaidi ya dola milioni 29. Ninachokithamini katika uamuzi huo ni kwamba uliweka hasara upande wa mwenye mfumo. Aliyekuwa na uwezo wa kuhifadhi akashindwa kuhifadhi hakuruhusiwa kufaidika na pengo alilolisababisha. Kama kanuni ya namna hiyo ingetumika kwa ukali uleule katika mashtaka ya posta, sidhani kama tungefika tulipofika.

Kwa upande wa faragha nitasema machache tu. Mwaka 2014, katika shauri la Riley, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba polisi hawawezi kupekua simu ya mtu aliyekamatwa bila hati ya upekuzi, na mwaka 2018, katika shauri la Carpenter, ikaweka sharti kama hilo kwa historia ya mahali simu ilikokuwa. Katika shauri hilo la pili polisi walikuwa wamepata alama 12,898 za mahali katika siku 127, bila mtu yeyote kumfuata mshtakiwa hata hatua moja. Hati ya upekuzi iliyoandikwa kwa ajili ya nyumba yenye vyumba vitatu haiwezi kutosha kwa kifaa kinachobeba maisha ya mtu mzima, na hakimu anayeombwa kuitoa anapaswa kudai kujua ni faili gani, za kipindi gani, na zilizobaki zitafanywa nini.

Teknolojia hiyo hiyo imeleta pia haki pale ambapo pasingekuwa na shahidi. Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kukamatwa kwa Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya, kwa tuhuma za mauaji ya watu 33, ikitegemea kwa kiasi kikubwa video zilizosambazwa katika mitandao ya kijamii. Video ya namna hiyo haiji na mpelelezi aliyeifunga na kuiwekea lebo. Inabidi mtu alinganishe vivuli, milima, maandishi ya ukutani na hali ya hewa ili kujua ilipigwa wapi na lini. Kazi hiyo sasa ina mwongozo wake, Itifaki ya Berkeley, iliyotolewa mwaka 2020 na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kinachonisikitisha ni kwamba majukwaa yenyewe hufuta video nyingi za ukatili kwa mashine kabla mpelelezi hajaziona, kwa nia njema ya kuwalinda watazamaji, na zikishafutwa hatima yao iko mikononi mwa kampuni binafsi. Wanaharakati waliozinakili mapema, wakaandika anwani na saa ya kila nakala, wamefanya kazi ambayo mahakama nyingi bado hazijaishukuru ipasavyo.

Imani ya bure kwa mashine haiwakumbi mahakimu na waendesha mashtaka peke yao. Juni 2023 jaji wa shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, baada ya kuwasilisha hoja zilizonukuu maamuzi sita ambayo hayakuwahi kuwapo. Maamuzi hayo yalikuwa yamebuniwa na ChatGPT. Kinachofaa kukumbukwa si faini: wakili mmojawapo aliiuliza programu yenyewe kama mashauri hayo ni ya kweli, ikamjibu kwamba ni ya kweli, naye akaridhika. Huko ni kumfanya mtuhumiwa awe shahidi wa uaminifu wake mwenyewe. Programu za akili unde zinasaidia kweli kupanga nyaraka, kutafuta barua moja kati ya laki moja, na kuandaa rasimu ya kwanza, nami sioni sababu ya kuzikataa. Lakini uamuzi unaonukuliwa mbele ya jaji lazima uwe umefunguliwa na kusomwa na mtu ambaye jina lake liko chini ya hoja hizo, kwa kuwa yeye ndiye anayewajibika kwa mahakama.

Sauti na video za kughushi nazo zitatusumbua, na kwa pande mbili. Mtu asiye na hatia anaweza kuwekewa maneno mdomoni, na mwenye hatia anaweza kuikana video ya kweli kwa kudai kwamba imetengenezwa. Programu za kutambua ughushi hazitatuokoa peke yake, kwa kuwa nazo ni mashine zinazotoa asilimia bila kueleza zimeipataje, na tutakuwa tumerudi pale pale. Kinachobaki ni kuuliza historia ya faili: nani aliirekodi, kwa kifaa gani, faili ya kwanza iko wapi, nani mwingine alikuwapo. Maswali hayo ni ya zamani, na wakili anayeyajua hahitaji kuwa mhandisi ili ayaulize. Anahitaji tu kupata majibu.

Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Uingereza ilianza kukusanya maoni kuhusu ile dhana kwamba kompyuta ni nzima. Kama ningeombwa maoni, ningesema dhana ibaki kwa mambo ambayo hakuna anayeyabishia, kwa sababu mahakama hazina muda wa kukagua kila kikokotoo. Lakini pale mshtakiwa anaposema wazi kwamba mfumo umekosea, na rekodi ya mfumo huo ndiyo nguzo ya kesi, mwenye mfumo alazimike kukabidhi orodha ya hitilafu zake, kumbukumbu za mabadiliko yaliyofanywa, majina ya walioweza kuingia na kurekebisha data, na taarifa za ukaguzi. Mshtakiwa asiye na uwezo apewe mtaalamu wa kuzisoma kwa gharama ya umma, kwa sababu nyaraka za kiufundi zilizokabidhiwa kwa mtu asiyeweza kuzisoma ni sawa na nyaraka zilizofichwa. Na mwenye mfumo akikataa kuzitoa, kwa kisingizio cha siri ya kibiashara au kingine chochote, rekodi yake isitoshe peke yake kumtia mtu hatiani.